Nyuki wakihamia nyumbani, usikimbilie moto wala sumu

MSIMU wa mvua unapokaribia na migunga kuanza kuchanua katika nyanda kavu za Mbeere, makundi ya nyuki huanza safari ya kutafuta makao mapya.

Baadhi yao hutua mjini Siakago na katika vijiji vya karibu, si kwenye mizinga iliyotundikwa mitini, bali darini, katika nyufa za kuta, ndani ya matangi matupu ya maji na hata vyooni.

Aghalabu jibu la mwenye nyumba huwa mwenge wa moto, mafuta taa au dawa ya kunyunyizia mimea. Hatua hizo huhatarisha jamaa zake na majirani kuliko nyuki wenyewe, ilhali mara nyingi mtu anayeweza kuwaondoa wakiwa hai huwa haishi mbali.

Jambo la kwanza ni kutambua iwapo nyuki hao ni wapita njia au wameshakuwa wenyeji.

Kundi linaloning'inia tawini au ukingoni mwa paa mithili ya kishada, bila masega, liko safarini. Malkia yumo katikati, na nyuki wapelelezi wametawanyika kutafuta tundu la kuhamia. Kwa kawaida kundi hilo huondoka baada ya saa chache au siku chache.

Nyuki hao hawana majana wala akiba ya asali ya kulinda, hivyo huwa watulivu kiasi wasipochokozwa. Inatosha kuwaweka watoto na mifugo mbali, na kusubiri.

Hali hubadilika wanapoonekana wakiingia na kutoka katika tundu moja kutwa nzima. Hiyo ni ishara kuwa wameanza kujenga masega. Nyuki kibarua huchukua takribani siku 21 kutoka yai hadi kukomaa, na kadiri majana na asali zinavyoongezeka ndivyo ukali wa kundi unavyozidi. Anayetaka wahamishwe hana budi kuchukua hatua mapema.

Hasara ya kuua

Nyuki anapodunga, mwiba wake hunasa katika ngozi na kuacha harufu inayowaita wenzake. Moto au sumu huwaua wachache na kuwachokoza maelfu. Wanaoumia kwanza ni mbuzi, punda na mbwa waliofungwa kamba, wazee, na watoto wasioweza kukimbia.

Hata pale nyuki wanapokufa wote, tatizo halijakwisha. Masega yaliyobaki darini hayana tena wa kuyapepea. Joto la mabati huyayeyusha, asali ikachuruzika ukutani na kuwavuta siafu na panya. Asali iliyopuliziwa dawa haifai kuliwa, na nyuki wa makundi mengine wanaokuja kuiiba huibeba sumu hiyo hadi kwenye mizinga ya majirani.

Kuziba tundu nyuki wakiwa ndani nako ni kosa, kwani hutafuta upenyo mwingine na yamkini wakatokea chumbani.

Mkulima pia ana la kupoteza. Matikiti na maembe, mimea inayopandwa Mbeere, hutegemea wadudu kuchavusha maua yake ndipo yazae vyema.

Jinsi ya kuwahamisha

Wambeere wamefuga nyuki tangu jadi katika mizinga ya magogo, na pombe ya asali ilikuwa na nafasi yake katika shughuli za mahari. Ujuzi huo ungali vijijini. Mwenye nyumba anaweza kumtafuta mfugaji nyuki mzoefu, au kuulizia katika ofisi ya mifugo ya kaunti ya Embu.

Kazi hufanywa jioni, vibarua wakiwa wamerejea. Mfugaji aliyevaa mavazi ya kinga hupuliza moshi usio na mwali, ambao hufunika ile harufu ya hatari na kuwafanya nyuki wajaze matumbo asali. Taa nyekundu humfaa kwa sababu nyuki hawaioni rangi hiyo.

Masega yenye majana hukatwa kwa uangalifu na kufungwa kwa kamba kwenye vijiti vya mzinga wa mbao, kama ule wa KTBH uliobuniwa humu nchini katika miaka ya 1970. La muhimu kuliko yote ni malkia: akiingia mzingani, wengine humfuata, akibaki ukutani, hurejea kwake.

Mzinga hupelekwa angalau kilomita tano kutoka hapo. Ukiwekwa karibu, vibarua hurudi katika tundu walilolizoea.

Wakishambulia

Anayeshambuliwa afunike uso kwa nguo na kukimbilia ndani ya nyumba au gari, kisha afunge mlango. Asiwapunge kwa mikono wala asijitose majini, kwani huweza kumsubiri aibuke.

Miiba iondolewe upesi, hata kwa kukwaruza kwa ukucha, maana huendelea kuingiza sumu. Mtu anayevimba uso au koo, anayepumua kwa shida au kuhisi kizunguzungu apelekwe hospitalini mara moja. Ambaye mwili wake haustahimili sumu hiyo aweza kufa kwa kudungwa mara moja tu. Aliyedungwa mara nyingi pia amwone daktari, hata akijihisi mzima.

Kuzuia wasirudi

Baada ya nyuki kuondolewa, masega yote yatolewe na mahali hapo pasuguliwe kwa maji na sabuni. Harufu ya nta ndiyo inayowaelekeza wapelelezi wa kundi jingine kwenye tundu lile lile.

Nyufa zizibwe kwa saruji, na matundu ya hewa yafunikwe kwa wavu wenye vitundu visivyozidi milimita tatu.

Kisha mzinga mtupu uliopakwa nta ndani utundikwe mtini, mbali na nyumba na njia za watu, ili kundi la msimu ujao lipate pengine pa kutua.