Mtoto aliyekufa bado ana nafasi yake nyumbani



Ukurasa huu huwa unasema juu ya kofia, viatu, taa na vumbi la mawe. Mara hii tunasema juu ya jambo ambalo halina dawa katika sanduku la msaada wa kwanza, lakini huingia shimoni pamoja na mfanyakazi: kifo cha mtoto wake.

Matanga yana kawaida yake, na hapa Bunia kila mtu anaijua. Bashi hufungwa mbele ya nyumba, viti huazimwa, wanawake huleta kuni na unga, wanaume hulala nje karibu na moto. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inampa mfanyakazi aliyefiwa na mtoto siku 4 za kazi. Halafu bashi hufunguliwa, wageni hurudi kwao, na baba hushika zamu yake. Yote hayo yamepangwa kwa siku za kwanza. Siku ya thelathini na siku ya mia hakuna aliyezipangia kitu, na ndizo siku ambazo nyumba huwa kimya kweli.

Mtoto akiwa mdogo, matanga yenyewe mara nyingi huwa mafupi. Watu humwambia mama: "Nyamaza, utazaa mwingine." Husema kwa wema. Lakini mama hakumlilia mtoto yeyote tu. Alimlilia yule mmoja, aliyekataa kula mpaka apewe sahani ya bati, aliyekimbilia barabarani kila aliposikia pikipiki ya baba yake. Mwingine akizaliwa atakuwa mwingine.

Tazameni jambo la majina. Kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza: Mama Neema, Baba Neema. Neema akifa, majirani hushikwa na woga. Wengine huanza kumwita mama kwa jina la mtoto anayefuata, wengine humwita "mama" tu na kuangalia chini. Wanafikiri wanamwonea huruma. Kumbe kwa siku moja wamemwondolea mtoto, na pia jina alilolibeba tangu alipokuwa mzazi. Sisi tunaona ni vema kumwuliza mwenyewe: "Mama, tukuite namna gani?" Wapo watakaosema jina linawachoma, basi waachwe. Lakini wengi watajibu: "Mimi ni Mama Neema." Hapo jirani aseme Mama Neema kwa sauti, sokoni na kwenye bomba la maji, bila kunong'ona.

Wanande, ambao ni wengi katika mji wetu, wana desturi inayosaidia sana hapa. Watoto wao huitwa kwa kufuata nafasi ya kuzaliwa. Mvulana wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka, wa nne ni Kakule. Kambale akifa, Kasereka hapandi kuchukua nafasi yake; anabaki Kasereka. Mgeni akisikia majina ya watoto wa nyumba hiyo, hesabu yenyewe humwambia kwamba kuna mmoja asiyeonekana. Hakuna haja ya hotuba.

Mafundi wa mambo ya moyo huko Ulaya walichukua muda mrefu kufika hapo. Mwaka 1917, Sigmund Freud, mganga wa Vienna, alieleza kwamba kazi ya kuomboleza ni kuutoa moyo kidogo kidogo kwa yule aliyekufa, mpaka mtu awe huru. Waganga wengi waliifuata njia hiyo kwa miaka mingi, na mzazi aliyeendelea kumtaja mtoto wake alihesabiwa kuwa hajapona. Mwaka 1996 watafiti watatu wa Marekani, Klass, Silverman na Nickman, walitoa kitabu kinachoonyesha kwamba wazazi wengi hawamwachi mtoto wao. Humpa mahali pengine katika maisha yao, na kufanya hivyo si ugonjwa.

Sasa kwa nini tunaandika haya katika ukurasa wa usalama? Mwaka 2003 ulitolewa utafiti wa Denmark uliofuata wazazi zaidi ya 21,000 waliofiwa na watoto. Vifo viliongezeka kati yao, zaidi kwa akina mama. Vifo vya ajali na vya kujiua ndivyo vilivyozidi mno, hasa katika miaka 3 ya kwanza, na hata akina baba hawakuepuka. Mtu asiyelala usiku hasikii jiwe linapolia juu ya kichwa chake. Anafunga kamba ya chombo huku macho yake yako nyumbani. Kapita asiyejua kwamba mtu wake amefiwa atamwona mvivu. Anayejua atamweka kazi ya juu kwa majuma machache, mbali na mashine na baruti, naye atamwuliza habari za mtoto, si habari za mshahara peke yake. Mwanamume mwenye kufiwa hukaa kimya kwa sababu amefundishwa hivyo. Wengine hupeleka ukimya huo kwenye kibuyu cha pombe, halafu kwenye zamu ya asubuhi. Ikiwa miezi 6 imepita, na mtu bado hawezi kula, kulala wala kufanya kazi, au anasema afadhali amfuate mtoto wake, jambo hilo si la kungojea. Apelekwe kwa mganga, wala asiachwe peke yake njiani.

Nyumbani, kumkumbuka mtoto hakuhitaji fedha. Wekeni sanduku dogo: shati lake moja, kaye zake za shule, picha, kartasi yake ya chanjo. Picha iwekwe mahali panapoonekana, si chini ya godoro. Ukiwasha mshumaa mbele yake, usiuache ukiwaka mkiwa mmelala, maana nyumba ya nyasi au ya mabashi haichukui dakika nyingi kuungua. Dawa alizobakiza msizihifadhi kabisa. Tunajua ni vigumu kuitupa chupa ambayo mkono wako uliishika kila usiku, lakini kipimo cha mtoto yule kinaweza kumdhuru mdogo wake. Rudisheni dawa hizo kwenye dispanseri. Na chandarua chake, kikiwa kizima, wapewe wadogo zake walale chini yake usiku uleule.

Kuna nyumba ambazo hazikubakiwa na kitu cha kuweka sandukuni. Wakati wa Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikufa katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini, na watoto walikuwa wengi kati yao. Wazazi hawakuruhusiwa kuosha maiti, na magodoro na nguo nyingi ziliteketezwa. Ilikuwa lazima, maana maiti ya Ebola huambukiza sana. Lakini lazima haiondoi uchungu. Kwa wazazi hao, kitu kinachobaki ni maneno. Mtu mwenye kuandika vizuri, pengine mtoto mkubwa, achukue kaye na kuandika yale ambayo kila mmoja anayakumbuka: alizaliwa lini, alicheka kwa nini, aliliita paka jina gani.

Wadogo zake nao wanasikiliza. Msiwaambie "amelala" wala "amesafiri". Aliyeambiwa amelala huogopa kulala. Aliyeambiwa amesafiri humngojea, na baba akienda kazini hulia akidhani hatarudi. Semeni "amekufa, mwili wake hausikii tena maumivu", na wakiuliza tena kesho, jibuni tena. Mtoto chini ya miaka 5 huuliza mara nyingi kwa sababu bado hajui kwamba kifo hakina mwisho. Msimlinganishe mdogo na marehemu, kwamba yule alikuwa na akili kuliko huyu. Hiyo si kumbukumbu. Ni mzigo juu ya kichwa cha mtoto aliye hai.

Tarehe 1 Agosti, sikukuu ya wazazi, watu huenda makaburini asubuhi kusafisha makaburi ya wazee wao, na mchana hula pamoja na wazazi walio hai. Mzazi aliyefiwa na mtoto hukuta siku hiyo imegeuka: yeye ndiye anayeng'oa majani juu ya kaburi fupi. Asiende peke yake, majirani wamsindikize. Vaeni viatu vyenu vya kazi, maana mwezi huo wa mvua majani ni marefu na nyoka hujificha humo. Wale waliokimbia Djugu kuanzia mwisho wa 2017 na kuacha makaburi nyuma yao wanaweza kupanda mti uani, mwembe au avoka, na kumpa mdogo wa marehemu kazi ya kuumwagilia.