Makanisa Yaliyochimbwa Mwambani

Sisi watu wa Manika hatuhitaji kufundishwa maana ya kuvunja mwamba. Twachimba, twatoa jiwe lenye shaba, na nyuma yetu hubaki shimo. Katika milima ya kaskazini ya Ethiopia walikuwako mafundi waliochimba kwa nia iliyo kinyume: jiwe lililotolewa lilitupwa, na lililobaki ndilo kanisa.

Zamani mji huo uliitwa Roha. Leo waitwa Lalibela, kwa jina la mfalme aliyetawala karne ya 12 ikiisha na ya 13 ikianza. Makanisa ni 11. Mapokeo yasema yote ni kazi yake, ingawa wataalamu wengi wadhani mengine yalianza kuchimbwa kabla yake.

Mafundi walikata kwanza handaki refu pande zote, hata bonge la mwamba likabaki peke yake katikati. Kisha wakalichonga toka juu kwenda chini, wakianza na paa; ndani wakaacha nguzo zilizo sehemu ya mwamba ule ule. Mwashi wa matofali akikosea hubomoa na kujenga tena. Hawa wangelirudishaje jiwe lililokwisha katwa? Kanisa la Mtakatifu Jorji, lenye umbo la msalaba, lasimama ndani ya shimo la mita 12 hivi, na atembeaye juu huliona paa lake usawa wa miguu yake.

Lakini tunalolistaajabia zaidi ni kanisa la Golgota. Katika kuta zake wamechongwa watakatifu wenye kimo cha mtu, na husemwa kwamba mfalme Lalibela mwenyewe amezikwa humo. Ndani zaidi, gizani, kuna chumba cha Utatu Mtakatifu chenye altare tatu za jiwe. Hata miongoni mwa mapadre ni wachache waingiao. Padre Mreno Francisco Álvares, aliyeyaona makanisa hayo katika miaka ya 1520, alisita kuendelea kuyaeleza, asije akadhaniwa mwongo.

Wakristu wa huko ni Waortodoksi, nao wangali wakisali humo; siku ya Noeli yao, tarehe 7 Januari, mahujaji hujaa hata kwenye kingo za mashimo. Ila mwamba ule wa volkeno ni laini: uliikubali patasi, na mvua nayo waikubali. Mwaka 1978 UNESCO iliyaandika katika urithi wa dunia, na mwaka 2008 mapaa makubwa ya chuma yalisimamishwa juu ya baadhi yake. Maji yalizuiwa, lakini wenyeji waliogopa kwamba uzito ule ungeweza kuyaponda makanisa yenyewe, na mwaka 2018 waliandamana wakidai uondolewe.