Mwomba Fedha za Afya Awe Mkweli

Fedha za kupigana na maradhi hazitoki kwa matajiri peke yao. Mwezi wa Januari, 1938, Rais Roosevelt wa Marekani, ambaye mwenyewe alipatwa na ugonjwa wa kupooza mwaka 1921, alianzisha chama cha kupigana na ugonjwa huo. Mchekeshaji wa redio, Eddie Cantor, akawasihi wasikilizaji wake wampelekee Rais sarafu za senti kumi. Barua zikamiminika Ikulu kwa magunia, na ndani yake sarafu zaidi ya milioni mbili na nusu. Haba na haba hujaza kibaba. Michango ya namna hiyo ndiyo iliyomwezesha Dakta Jonas Salk kufanya utafiti wake, na tarehe 12 Aprili, 1955, ikatangazwa kwamba chanjo yake imefaulu.

Hata hivyo, chama hicho kiliomba pia kwa picha za watoto wenye magongo, na wako waliolalamika kwamba wazazi walitiwa hofu kupita kiasi. Huo ndio mtihani wa kila kiongozi anayekusanya fedha na kutangaza habari za chama cha elimu ya afya. Hofu hufungua mifuko upesi, lakini haimfundishi mtu kujikinga.

Sisi twasema: na aombe kwa ukweli, na akishapokea arudi kueleza kila senti imefanya kazi gani. Mtoaji akigundua kwamba alidanganywa, hatanyima mchango tu. Siku atakapoambiwa ampeleke mwanawe kuchanjwa, hatasadiki.