Kansere ya ziwa na mashini yenye kujifunza

Mama, kule Marekani, katika chuo kikuu cha MIT, kuko mwanamke mwalimu jina lake Regina Barzilay. Yeye si munganga. Kazi yake ilikuwa kufundisha ordinatere kusoma maandiko. Katika mwaka wa 2014 aliambiwa ana kansere ya ziwa.

Alitibiwa, lakini aliuliza maswali mengi. Aliona ya kwamba hospitali zinaweka picha na habari za wagonjwa wengi sana, nazo zinalala tu bila kutumiwa vizuri. Basi yeye na wenzake, pamoja na waganga wa hospitali kubwa ya Boston, walitengeneza programu inayoitwa Mirai. Waliionyesha picha za maziwa zaidi ya 200,000, na kuiambia: mama huyu aliugua kisha, huyu hakuugua. Ndivyo mashini inavyojifunza. Wewe pia, kwa kumwangalia mtoto wako kila siku, unajua homa inakuja mbele ya kumpima.

Mirai haisemi kama unagonjwa leo. Inasema mwanamke gani yuko katika hatari ya kupata kansere katika miaka 5 inayokuja, ili waganga wamfuate karibu. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2021, kisha kuijaribu pia kwa picha za Sweden na Taiwan. Tena ilifaa wanawake weusi sawa na weupe. Namna za zamani za kukadiria zilikosea zaidi kwa weusi.

Utauliza: hiyo inanisaidia nini mimi? Ni kweli, katika zone nyingi za afya kwetu hata mashini ya kupiga picha ya ziwa haiko. Lakini macho na mikono yako iko. Kila mwezi, wakati wa kuoga, pima maziwa yote mawili mpaka kwapani. Tafuta uvimbe mgumu, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani, ao damu inayotoka kwa chuchu. Mwanzoni kansere mara nyingi haiumi, ndiyo sababu wamama wanachelewa. Hata ukiwa unanyonyesha, usiseme, “Ni maziwa yameganda tu,” kama uvimbe hauishi kisha juma moja. Usikubali wauchanje. Onyesha infirmie, hata kama siku ile ulikuja tu kupimisha mtoto kilo.