Kwa nini manowari Königsberg zilikuwa tatu

Manowari ya Ujerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Uingereza bandarini Zanzibar Septemba 20, 1914, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Waingereza waliifikia huko Julai 11, 1915, na mabaharia wake, baada ya kuzidiwa, wakaizamisha wenyewe.

Jina halikuzama nayo. Desemba mwaka huohuo Wajerumani walishusha majini Königsberg ya pili. Wenzake watatu wa aina moja waliitwa Emden, Karlsruhe na Nürnberg, majina ya manowari zilizopotea mwaka 1914. Kila pengo, kwa hiyo, lilizibwa kwa jina lilelile.

Ya pili ilikabidhiwa Ufaransa mwaka 1920, ikaitwa Metz. Ya tatu ilizamishwa na ndege za Uingereza mjini Bergen, Norway, Aprili 10, 1940.