Punguzo la Kitabu Hulipwa na Nani?

Oktoba 2009, riwaya mpya ya Stephen King, *Under the Dome*, ilikuwa na bei ya jalada ya dola 35. Walmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, wakatangaza kuiuza mtandaoni, pamoja na vitabu vingine tisa, kwa dola 10 kila kimoja. Amazon wakajibu kwa bei hiyohiyo. Walmart wakashuka hadi 9, Target, mshindani mwingine, wakaingia kwa 8.99, Walmart wakakata tena senti moja.

Tupige hesabu. Mchapishaji wa Marekani humuuzia mwenye duka kitabu cha aina hii kwa takriban nusu ya bei ya jalada, yaani dola 17.50. Anayekiuza kwa dola 9 anapoteza 8.50, kabla hajalipia ghala wala usafirishaji. Kwa nakala 10,000, hasara ni dola 85,000. Kampuni inayouza pia nguo na televisheni huimudu, kwa kuwa mteja aliyevutwa na kitabu hununua na mengine. Duka linaloishi kwa vitabu pekee haliimudu. Mwezi huohuo chama cha wauza vitabu cha Marekani kiliiomba Wizara ya Sheria ichunguze bei hizo.

Mwaka 2011 Borders, kampuni ya maduka ya vitabu ya Marekani, walifunga maduka 399 yaliyosalia, na watu wapatao 10,700 wakapoteza kazi. Walikuwa na makosa yao pia: kuanzia 2001 hadi 2008 mauzo yao ya mtandaoni yaliendeshwa na Amazon, mshindani wao. Kufikia 2013, washindani wakiwa wamepungua, waandishi na wachapishaji wadogo walilalamika kwamba Amazon inapunguza punguzo kwenye vitabu vyao, Amazon ikakanusha. Lakini hesabu ni wazi: kitabu kisichouzwa na mpinzani yeyote hakina sababu ya kushushwa bei.

Ufaransa ilichagua njia nyingine. Sheria ya 1981 inaruhusu punguzo la asilimia 5 tu: kitabu cha yuro 20 hakishuki chini ya 19. Mwaka 2014 wauzaji wa mtandaoni walikatazwa kupeleka vitabu bure. Amazon wakatoza senti 1. Tangu Oktoba 2023, oda ya vitabu isiyofika yuro 35 hulipiwa usafiri usiopungua yuro 3.

Msomaji, punguzo kubwa hudumu maadamu wauzaji ni wengi. Ukitaka bei nafuu kesho, leo usinunue kila kitabu kwa muuzaji mmoja.