Je, Wajua? Chekechea Zinazopendwa na Wazazi

Je, wajua kuwa baadhi ya shule za awali zinazosifiwa sana duniani zilianzia kwenye kifaru cha kivita? Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, wanakijiji wa Villa Cella, karibu na mji wa Reggio Emilia nchini Italia, waliuza kifaru, malori na farasi walioachwa na jeshi la Ujerumani lilipokimbia. Wakakubaliana kuwa fedha zile zijenge shule ya watoto wao. Wazazi walizoa matofali ya nyumba zilizobomolewa kwa mabomu na kuchota mchanga mtoni. Mwalimu kijana, Loris Malaguzzi, aliposikia habari hizo alipanda baiskeli akaenda kujionea. Kazi ya shule za Reggio Emilia aliishika mpaka alipofariki mwaka 1994.

Mwaka 1991 jarida la Newsweek la Marekani liliitaja Diana, shule moja ya mji huohuo, kuwa shule ya awali bora duniani. Wageni waliomiminika huko walikuta nini? Kila darasa lina walimu wawili, nao hukaa na watoto walewale kwa miaka mitatu. Kuna chumba cha sanaa chenye mwalimu wake. Maneno ya watoto huandikwa na kubandikwa ukutani ili mzazi anayekuja kumchukua mwanawe asome alichokuwa akiwaza siku ile. Hili la mwisho ndilo linalonigusa zaidi, maana halihitaji fedha nyingi: linahitaji mwalimu anayesikiliza.

Je, wajua kuwa chekechea ziliwahi kupigwa marufuku na serikali? Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha ya kwanza huko Bad Blankenburg mwaka 1837, alishuhudia Prussia ikizifunga mwaka 1851 kwa tuhuma za kueneza ukafiri na siasa za ujamaa. Alifariki mwaka uliofuata. Marufuku iliondolewa mwaka 1860.

Na vipande vya mbao ambavyo Fröbel aliwabunia watoto wavichezee vilivuka bahari. Mama mmoja wa Kimarekani aliviona kwenye maonyesho ya Philadelphia mwaka 1876, akamnunulia mwanawe. Mtoto huyo, Frank Lloyd Wright, alikua akawa msanifu majengo mashuhuri, na hadi uzeeni alisema vidole vyake bado vinavikumbuka vile vibao.

Maria Montessori alikuwa daktari kabla ya kujulikana kama mwalimu. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa wafanyakazi maskini wa San Lorenzo, Roma. Alitengenezesha viti na meza za kimo cha mtoto, akaweka vifaa mahali ambapo mtoto anafikia mwenyewe, kisha akatulia kuwatazama. Waanzilishi wote wawili wa Google, Larry Page na Sergey Brin, walisoma katika shule za Montessori utotoni.

Je, wajua kuwa kuna kundi la watoto wa chekechea lililofuatiliwa hadi utu uzima? Kati ya mwaka 1962 na 1967, katika mji wa Ypsilanti, Michigan, watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi waligawanywa makundi mawili: 58 walisoma shule ya awali ya Perry, 65 hawakusoma. Mwalimu alimtembelea kila mtoto wa Perry nyumbani mara moja kwa wiki, akakaa na mama yake. Katika majaribio ya akili, tofauti ya makundi hayo ilififia baada ya miaka michache, na wakosoaji wakaona hakuna kitu. Walipofika miaka 40, hadithi ilikuwa nyingine: waliosoma Perry walikuwa wamemaliza sekondari kwa wingi zaidi, wana kipato kikubwa zaidi, na wamekamatwa na polisi mara chache zaidi.

Siri yao ilikuwa utaratibu rahisi. Kila asubuhi mtoto alisema atakachofanya, akakifanya, kisha akakaa na wenzake kueleza kilivyokwenda. Utaratibu huo ukaja kuitwa HighScope, nao ulifika Mombasa.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni hadithi yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Waislamu wa Pwani ya Kenya walimweleza Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa Ismailia, kilio chao: watoto wao wanaachwa nyuma shuleni. Kazi ikakabidhiwa Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa. Wazazi walikuwa na hofu ya haki kabisa. Walitaka mtoto aandaliwe kwa shule ya msingi bila kuikosa dini yake. Ndipo ikazaliwa chekechea ya madrasa, ambamo dua, nyimbo na hadithi za Kiswahili zilikutana na kona za michezo za HighScope. Wasichana na akina mama wa mtaa uleule, wengi wao wenye elimu ndogo, walifundishwa ualimu. Vifuu, visoda, makopo na mbegu vikawa zana za kuhesabia na kupangia. Kamati ya wazazi ndiyo iliyomiliki shule.

Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na shule zikapita 200. Watafiti walipowapima watoto katika nchi hizo, wale wa chekechea za madrasa walionyesha maendeleo makubwa kuliko wenzao wa chekechea nyingine na waliobaki nyumbani. Nani angedhani kisoda kingeshinda vitu vya dukani?

Zanzibar pia kuna watoto waliosoma chekechea kwa redio. Kipindi cha Tucheze Tujifunze kiliwafikia vijijini, watoto wakikaa na mlezi wao, wakiimba na kujibu maswali ya sauti iliyotoka redioni.

Huko Tachikawa, Tokyo, chekechea ya Fuji iliyojengwa mwaka 2007 ina paa la duara dufu ambalo watoto hukimbia juu yake. Miti mikubwa iliyokuwepo haikukatwa, ikaachwa ipenye kwenye paa.

Sasa tugeukie kwetu. Mzazi wa Dar es Salaam au Nairobi anapoisifia chekechea, mara nyingi hutaja Kiingereza, basi la shule, sare na daftari lililojaa kazi za nyumbani. Namwelewa, analipa ada kwa jasho na anataka kuona matunda. Lakini je, wajua kuwa mifupa mingi ya kifundo cha mkono wa mtoto wa miaka mitatu bado ni gegedu? Mkono huo unahitaji udongo wa kufinyanga, mchanga na shanga za kutunga kabla haujalazimishwa kuandika kurasa za a, e, i, o, u. Nchini Finland, mtoto huanza darasa la kwanza mwaka anaotimiza miaka saba.

Je, wajua kuwa Katiba ya Kenya ya 2010 iliikabidhi elimu ya awali kwa serikali za kaunti? Na kwamba Tanzania ilifuta ada ya darasa la awali katika shule za serikali kuanzia mwaka 2016? Kiwango cha Tanzania ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, ingawa madarasa mengi ya serikali huwa na watoto wengi zaidi ya hapo. Chama cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo nchini Marekani hupendekeza mtu mzima mmoja kwa watoto 10 wa miaka minne.

Ukienda kutafuta nafasi, usiende siku ya mahafali. Nenda saa nne asubuhi ya siku ya kawaida. Tazama michoro ukutani: ikiwa yote inafanana, aliyechora ni mwalimu. Sikiliza nani anazungumza zaidi darasani. Angalia kama vitu vya kuchezea viko chini, mikono ya watoto inapofika, au vimepangwa juu ya kabati vikisubiri mkaguzi. Halafu muulize mwalimu, si mkuu wa shule, kuhusu mtoto yeyote aliye mbele yake: anapenda nini?